Maji ya Jangwani yanaanzia uani kwangu

Masika ya 2024 wengi wetu hapa Dar tunayakumbuka, ile mvua ilikuwa inapiga usiku kucha alafu asubuhi inaanza upya kama vile jana haikunyesha. Asubuhi moja ya mwezi wa nne, hata saa moja haijafika, nasikia geti linagongwa. Natoka, nakuta ni mama jirani wa nyumba ya chini yetu, mtu mzima, rika la mama yangu mzazi, amevaa gambuti za mwanae na khanga ya kichwani imeloa chapachapa. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, alafu hakuzunguka. "Mwanangu, vaa viatu uje uyaone maji yako."

Maji yangu. Njiani nilikuwa nimeshaandaa maneno ya pole, nikijua naenda kuona mafuriko, na mafuriko kwa akili yangu ni kitu cha Mungu, hayana mwenyewe. Nikakuta banda lake la jiko limejaa tope mpaka usawa wa mafiga, kiroba cha sembe kimelowa chote, kuku wamepanda juu ya rundo la kuni wametulia kimya, na pembeni ya ukuta wa nyumba pamechimbika korongo mpaka msingi umebaki wazi, kokoto za zege zinaonekana. Nikalifuata lile korongo kwa macho kutoka pale msingini, likapanda, likapita chini ya michongoma, likakata barabara ya mtaa, likaja kuishia kwenye bomba la inchi nne linalochungulia chini ya fensi yangu. Bomba lile nililinunua mimi, na fundi aliponiuliza maji ya paa na ya uani tuyatolee wapi nilimjibu neno moja tu, nje.

Nimekaa na hilo neno "nje" muda mrefu sasa, na ndo limenifanya niandike hii makala, kwasababu nadhani hapa mjini somo la mabadiliko ya tabianchi tumelifundisha kwa watu ambao siyo. Kila masika kamera zinaenda kwenye mitaa ya bondeni, zinaenda Jangwani, Kigogo, Mchikichini, Magomeni Suna, tunaonyeshwa magodoro juu ya mapaa na watoto wamebebwa mabegani, alafu sisi tuliokaa mlimani tunatoa hukumu tukiwa kwenye kochi, hivi hawa watu kwanini hawahami. Elimu yote tumeielekeza kwa mtu wa bondeni, ahame, asitupe taka, asikilize utabiri. Mtu wa juu hakuna anayemwambia chochote, na yule wa bondeni anakaa tu mahali maji yanapofikia, maji yenyewe yanatoka kwetu.

Ukiangalia ramani utaona. Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka unapita karibu na Kinyerezi, Segerea, Tabata, Vingunguti, Kigogo, unafika Jangwani, alafu unaingia baharini pale daraja la Selander. Njiani unapokea vijito vingine, Kijito cha Ubungo, Sinza, Luhanga, huu wa kwetu wa Kinyerezi. Sasa fikiria hayo maeneo ya juu yalikuwaje miaka ishirini iliyopita. Kinyerezi ilikuwa mashamba ya mihogo, mikorosho, miembe, mtu akikuambia amenunua kiwanja Kinyerezi unamuonea huruma ya usafiri. Leo ni mapaa na fensi na pevingi mpaka kwenye ngazi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38, yaani milioni nzima imeongezeka ndani ya miaka kumi na hao watu wanalala mahali, na wengi wetu tumekuja kulala huku pembezoni juu ya mabonde.

Nilipotoka kwa yule mama nilifanya hesabu ambayo nashauri kila mwenye nyumba aifanye, ni hesabu ya darasa la tano tu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inakupa lita moja ya maji. Basi, ndo kanuni yote hiyo. Kiwanja changu ni mita 600 za mraba, paa linachukua kama 200, pevingi kama 300, kinachobaki ni kaudongo ka pembeni kenye maua. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo kwa Dar wakati wa masika siyo kitu cha ajabu, basi kwenye ile mita 500 ngumu zinadondoka lita 25,000. Maboza mawili na nusu ya lita elfu kumi. Pangekuwa bado shamba la mihogo sehemu kubwa ya hayo maji ingezama ardhini taratibu, huku kwetu udongo ni wa kichanga, unakunywa vizuri tu. Kwangu yanagonga bati, yanagonga pevingi, ndani ya dakika chache yote yapo kwenye bomba la inchi nne yanakimbilia jikoni kwa mtu. Alafu mtaa wetu una nyumba kama zangu ngapi, na mitaa kama wetu ipo mingapi mpaka Tabata. Na mimi ni kiwanja kimoja cha kawaida, sijataja yadi za malori, makanisa na misikiti yenye parking kubwa, maghala, shule binafsi zilizomwaga zege uwanja mzima wa kuchezea watoto.

Na maji hayaendi peke yake, yanabeba mchanga. Lile korongo lililochimbika kwa yule mama, ule udongo umeenda wapi? Umeshuka mtoni, mto ukashuka nao, na maji yakifika Jangwani mahali ambapo ni tambarare yanapunguza kasi na kuuacha pale. Ndo maana kitako cha mto pale kinapanda mwaka hadi mwaka, greda zinachimba, masika yakija panajaa tena. Tunasikitika kwamba pesa ya kuchimba mchanga inaliwa, inawezekana, lakini hata ingetumika yote kihalali bado mchanga ungerudi, kwasababu milima inayouleta hatujaigusa.

Sasa joto la dunia linaingilia wapi? Watu wengine wakisikia hesabu yangu wanasema hayo ni mambo ya ujenzi holela, usisingizie tabianchi. Mimi naona vitu viwili vinakutana barabarani. Hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi zaidi, kama asilimia 7 kwa kila nyuzi joto moja linaloongezeka, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kama nyuzi joto 1.55 juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Fikiria dodoki. Dodoki likiwa kubwa linabeba maji mengi, siku likikamuliwa linamwaga mengi kwa mara moja, na siku za ukavu dodoki hilohilo linafyonza zaidi kwenye udongo, kwenye mito, kwenye majani. Kwahiyo usishangae mji mmoja kuteseka kwa pande zote mbili. Oktoba 2022 Dar tulikuwa kwenye mgao wa maji kwasababu mto Ruvu, unaotuletea maji ya bomba, ulikuwa umepungua vibaya sana, foleni za ndoo, boza la maji linapanda bei kila wiki. Mwaka mmoja baadaye vuli ya 2023 ikaja na El Nino, mvua mpaka mwisho wa mwaka, ikaunganisha na masika ya 2024, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika kwenye pwani yetu upande wa Mafia, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Ni kama miezi kumi na tisa tu kati ya foleni ya ndoo na kimbunga.

Hapo ndo linapoumia roho yangu zaidi. Dar inapata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka. Paa langu la mita 200 linapokea lita laki mbili na elfu ishirini kwa mwaka, maji safi kabisa ya mbinguni, na mimi natumia bomba la inchi nne kuyafukuza yamharibie mtu jiko mwezi wa nne, alafu mwezi wa kumi nampigia simu mwenye boza aniletee maji kwa pesa. Ni maji yale yale. Mafuriko na mgao tunavijadili kama habari mbili tofauti, kwenye paa langu ni habari moja.

Niseme kidogo kuhusu elimu. Hapa mjini elimu ya tabianchi ni ya ukumbini. Unaalikwa, unapewa fulana na daftari, unasikia ustahimilivu, hewa ukaa, uhimilivu, kuna picha ya barafu inayeyuka huko ncha ya dunia, mnakula, mnaondoka. Sibezi, wale wanaoandaa wengi wana nia njema na nimewahi kukaa kwenye viti hivyo. Ila mtu anatoka pale anajua dubu mweupe yupo hatarini na hajui mtaro wa mbele ya nyumba yake unamwaga wapi. Naombeni tuanze na mtaro. Siku mvua inanyesha, chukua mwamvuli, chukua mtoto wako, yafuateni maji kutoka kwenye bati lenu mpaka yanapopotelea. Mimi na binti yangu wa darasa la sita tulifanya hivyo, tulitembea kama dakika arobaini mpaka kijitoni, na njiani alijifunza vitu ambavyo hakuna kitabu chake cha shule kinavyo, kwamba kalavati la kona ya dukani limezibwa na gunia la kifusi la mtu aliyekuwa anajenga fremu, kwamba kuna nyumba tatu zimejengwa juu ya njia ya maji kabisa na wenye nyumba wametoboa tundu kwenye fensi maji yapite katikati ya uwanja wao. Akaniuliza, baba, nani aliwaruhusu. Sikuwa na jibu.

Tukatengeneza na kipimo cha mvua. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile isiyo na mikunjo mingi pembeni, unaikata pale juu inapoanza kusinyaa, kile kipande cha juu unakigeuza kichwa chini kama faneli, chini unaweka kokoto na maji kidogo mpaka usawa ambao chupa imenyooka, hapo unapiga mstari wa sifuri, unafunga rula pembeni na gundi ya karatasi. Unaiweka wazi mbali na mti na bati. Kila asubuhi kabla ya shule anasoma anaandika kwenye kalenda. Zile namba zimebadilisha mazungumzo ya nyumbani kwetu, mtoto anasikia redio wanasema mvua zitakuwa juu ya wastani anauliza wastani ni ngapi, anataka kulinganisha na zake. Hiyo ndo elimu ninayoisemea.

Na ile taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, tujifunze kuisoma. Inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila msimu, watu wanaweka alama ya mikono iliyoshikana basi. Zile rangi zina maana, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, na pale chini huwa wanaandika athari zinazoweza kutokea. Utabiri wa msimu wa masika wanautoa kabla mvua haijaanza, wa vuli vivyo hivyo. Yaani kuna wiki kadhaa za kujipanga. Sisi mtaro tunausafisha lini? Baada ya mafuriko, siku ya Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, na tukiusafisha ule udongo na taka tunazitoa tunazirundika pembeni ya mtaro huohuo, zinakaa pale zinasubiri gari ambalo haliji, mvua ya Jumanne inazirudisha zote ndani. Nimeliona hilo mara nyingi mpaka nimechoka. Ukitoa taka mtaroni bila kujua siku hiyohiyo zinaondokaje, umefanya mazoezi ya viungo tu.

Kuna jambo la kutapisha vyoo nalo ni lazima nilitaje, najua halipendezi. Vingunguti, Tandale, Manzese, mvua ikianza kupiga wapo wanaotoboa choo ili kinyesi kiende na maji. Kipindupindu kilichoanza hapa Dar mwaka 2015 wengi tunakikumbuka. Lakini kabla hujamlaani mtu huyo nenda kaone uchochoro wake, gari la maji machafu halipiti, hata mkokoteni unapita kwa shida, na pesa ya kunyonya choo inaweza kuwa kodi ya chumba ya mwezi. Kumfundisha huyu mtu kwamba kutapisha ni vibaya ni kupoteza muda wake, anajua, anaishi na harufu yake. Anachohitaji ni huduma ya kunyonya inayofika kwa pikipiki ya magurudumu matatu na kwa bei anayoiweza, na hilo ni la kudai kwa diwani, tena kwa jina lake hilohilo la tabianchi ambalo lina bajeti siku hizi.

Tukija kwenye nani hasa afundishwe, mimi ningepewa nafasi ningeanza na fundi. Waziri hajui bomba langu linatokea wapi, fundi anajua. Fundi wa pevingi, fundi gata, fundi wa kumwaga zege, hawa ndo wanaoamua maji ya jiji hili yaende wapi, nyumba moja baada ya nyingine, na hakuna semina inayowaalika. Fundi akiambiwa kwamba pevingi unaweza kuziachia nafasi ukaotesha majani katikati, kwamba chini yake ukiweka kokoto badala ya kumwaga zege maji yanazama, kwamba kwenye kona ya kiwanja ukichimba shimo la mita mbili ukalijaza mawe na kuliunganisha na gata maji yananywea humo, yeye atawaambia wateja mia. Mteja anamsikiliza fundi kuliko anavyoisikiliza televisheni.

Baada ya fundi, dalali. Watu wananunua viwanja Agosti, udongo mkavu, dalali anaapa hapa maji hayakai. Nenda Aprili. Kama huwezi kusubiri Aprili basi ziangalie nyumba za jirani, kuta zina alama ya maji ya rangi ya kahawia, milango imejengewa kizingiti kirefu kuliko kawaida, viroba vya mchanga vimepangwa ukutani, na muulize muuza genge wala usimuulize mwenye kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, wengi tunaisikia siku ya bomoabomoa wakati nyumba imeshapigwa alama ya X.

Najua nitaambiwa nawatetea waliovamia bonde. Sitetei mtu kulala kwenye njia ya mto. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walifariki kwenye mafuriko ya jiji hili, wengi wao wakazi wa mabondeni, na serikali ikawapeleka waathirika Mabwepande. Baadhi walirudi. Tuliwacheka, tukasema wamezoea. Ila mtu anayebeba mizigo Kariakoo, au mama anayepika chakula cha mafundi pale Gerezani, ukimpeleka Mabwepande umempa kiwanja na umemnyang'anya kazi, nauli ya kwenda na kurudi inamaliza faida yote. Mimi nilikimbilia mlimani kwasababu nina mshahara. Hata serikali yenyewe bondeni ilijenga, karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani na tumeona mabasi yamesimama kwenye maji, kwahiyo kosa la kudharau bonde siyo la maskini peke yake. Sasa hivi upo mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, Uhispania na Uholanzi nazo zimeingiza pesa, daraja jipya la Jangwani ni sehemu yake, watu wamefidiwa na kuondoka. Naufurahia huo mradi kwa moyo wote. Ninachoogopa ni kwamba tutajenga daraja refu kule chini na huku juu tutaendelea kumwaga zege, na baada ya miaka kumi daraja nalo litaonekana fupi.

Kuna kitu kiliwahi kufanyika Dar ambacho ningependa tukirudie kwa upande wa mlimani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia mitaani na wenyeji, simu mkononi, wakachora mitaro, njia, majengo, na wenyeji wakaonyesha maji huwa yanafika wapi. Ramani ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, mtu yeyote anaifungua bure. Fikiria mwenyekiti wa mtaa wa Kinyerezi au Goba au Kimara ana ramani inayoonyesha kila bomba linalotoboa fensi na linapomwaga. Mkutano wa mtaa usingekuwa wa kulalamika tena, mngekaa mnajua nyumba fulani na fulani zikichimba mashimo ya mawe barabara inapona. Na kalavati lililoziba mngelipeleka TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, likiwa na picha, na eneo, na tarehe ya kwanza ya kulalamika.

Nilipojenga mimi hakuna ofisi iliyoniuliza maji ya mvua nitayapeleka wapi. Waliuliza mipaka, waliuliza ada. Ningetamani halmashauri zetu zote tano ziweke sharti dogo kwenye kibali cha ujenzi, kwamba sehemu fulani ya kiwanja ibaki udongo na paa liwe na tenki au shimo, na wenye yadi kubwa walipe zaidi kulingana na mita walizozifunika. Bila hivyo tutaendelea kubembelezana.

Mambo ya mkaa na miti sitayakalia sana, yanasemwa kila siku. Tanzania inachangia kidogo mno kwenye gesi zinazochafua anga la dunia, na mwenye deni kubwa yupo kwingine, ila mkaa wa Dar unakata misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga ambayo ndo inashikilia maji ya Ruvu na Wami, kwahiyo mtungi wa gesi jikoni unarudi kwenye bomba lako. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na hapo kikwazo ni bei ya kujaza mtungi, mkaa unauzwa kwa kopo, gesi ukiambiwa bei ya mtungi unarudi kwenye kopo. Na mti, panda unaoweza kuumwagilia miaka miwili ya kwanza, mwembe, mkungu, mwarobaini, upande ambao jua la saa tisa linapiga ukuta wa chumba cha kulala. Usiku wa Januari utakuja kuniambia.

Mimi baada ya ile asubuhi niliomba radhi, nikamlipa mama kiroba chake cha sembe, na kwa kuwa msingi ulikuwa umeachwa wazi nikaita fundi tukaujazia. Alafu nikarudi kwangu nikang'oa nusu ya pevingi. Mke wangu hakufurahi, pevingi zile tulizinunua kwa mkopo wa kikundi, na watoto walikuwa wanaendeshea baiskeli pale. Tukaotesha majani, tukaweka tenki la lita 5,000 chini ya gata, ambalo kwa paa langu linajazwa na mvua ya milimita 25 tu, na maji yakizidi yanaenda kwenye shimo la mawe kona ya chini. Lile bomba la inchi nne nililiziba kwa zege mwenyewe kwa mikono yangu.

Masika yaliyofuata kwa yule mama hayakuingia maji kutoka kwangu. Nilienda kumwamkia siku ya mvua kubwa, nikakuta jiko kavu, moto unawaka, akanipa chai ya tangawizi. Ila akanionyesha upande wa pili wa ukuta, tope jipya. Tukatoka tukalifuata wote wawili taratibu, yeye na mwamvuli mimi na koti, likapanda likapita kwenye kona ya kiwanja changu, likaendelea juu mpaka kwenye nyumba ya ghorofa iliyo nyuma yetu. Fensi nzuri ya mawe, na chini yake mabomba matatu, ya inchi sita. Mwenye nyumba simjui zaidi ya kupungiana mikono kwenye gari. Jumamosi hii nitaenda kupiga hodi, na mama amesema tutaenda wote, atavaa gambuti.